Kikombe cha Ua Jekundu

Katika ofisi ile ya mawakili wa serikali, mgeni akiletewa chai kwenye kikombe cheupe cha kawaida, hana la kuogopa. Atakunywa, ataulizwa mawili matatu, atakwenda zake. Lakini akiletewa kikombe chenye ua jekundu, na kisahani chake, na kijiko kidogo kinachong'aa, huyo habari yake imekwisha, ila mwenyewe bado hajaambiwa.

Aliyelijua hilo kuliko wote ni mwanamke aliyevipanga vikombe hivyo kabatini. Walimwita Mama Birika. Alikuwa mjane, mtu wa sala, wa maneno machache na macho mengi. Kila siku alifika kabla ya saa moja asubuhi, akafagia ukumbi, akapiga deki, akabandika maji. Akingoja yachemke alisoma kurasa mbili za kitabu chake cha sala, akifuata mistari kwa kidole, maana shule aliishia darasa la saba na kusoma kwake kulikuwa kwa mwendo wa konokono.

Ofisi yenyewe ilikuwa na milango miwili inayotazamana. Mlango wa kushoto walikaa mawakili wa kuitetea serikali inaposhtakiwa. Huko ujanja ulikuwa mmoja tu, kuahirisha. Mtu kagongwa na gari la serikali, kaja na kesi yake na mguu wake wa bandia. Leo wakili anaumwa, kesho jalada halionekani, mwezi ujao hakimu yuko likizo, mpaka mdai achoke au azikwe. Mlango wa kulia ulikuwa wa madeni. Humo alikaa wakili waliyemwita Mpole.

Jina hilo hakupewa kwa kejeli. Mpole hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Mgeni akiingia, yeye alisimama, akamvutia kiti, akamuuliza hali ya wagonjwa wake na masomo ya watoto wake. Wadaiwa walitoka kwake wakimwombea dua.

Sasa, sheria ilikuwa hivi. Deni likikaa miaka sita bila kulipwa chochote na bila kupelekwa mahakamani, limekufa. Serikali haiwezi kumshtaki mtu kwa deni hilo tena. Majalada ya madeni ya namna hiyo yaliwekwa kwenye kona ya masjala, rafu ya chini kabisa, na karani wa masjala, kijana mwenye mdomo usiotulia, aliiita kona ile mochari.

Lakini sheria hiyohiyo ilikuwa na kidirisha. Mdaiwa akitoa chochote, hata nauli ya basi, na akatia sahihi kwamba anapunguza deni, basi deni linafumbua macho. Miaka sita inaanza kuhesabiwa upya, na riba ya siku zote linarudi nayo. Watu hawakulijua hilo, na Mpole hakuwa na sababu ya kuwafundisha. Alichofanya ni kuwaita kwa barua nzuri, kuwakalisha, kuwaagizia chai ya kikombe cha ua, na kuwaomba watoe kidogo tu, "kuonyesha nia njema."

"Hapa Mama tunafufua maiti," karani alimwambia Mama Birika siku moja, akicheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana.

"Usitanie hivyo, mwanangu. Mwenye kufufua ni mmoja, na anakusikia."

"Mimi natangaza kazi ya bosi tu, Mama. Tena wewe ndiye unayeosha maiti, maana chai ni yako."

Neno lile lilimkaa. Tangu siku hiyo alianza kufanya jambo ambalo mtu mwingine yeyote ofisini hakulijua. Alikuwa ameapa, mkono juu ya kitabu kitukufu, kwamba atakayoyasikia mle ndani yatabaki mle ndani. Na kiapo kwake hakikuwa mchezo. Hata hivyo, alipomwona mzee mmoja dereva mstaafu akitoa hela za dawa mfukoni na kuzinyoosha juu ya goti, sinia ikamponyoka kidogo. Chai ikamwagika juu ya fomu na juu ya mkono wa shati la mzee. Mama Birika akaomba radhi kwa wote, akamshika mzee mkono, akampeleka kwenye bomba la ukumbini, na maji yakivuma akamwambia sikioni, "Usitoe hata senti. Usitie sahihi. Sema utarudi, halafu usirudi."

Alifanya hivyo mara tatu katika miaka tisa. Mara ya tatu Mpole alitikisa kichwa, akasema, "Mama Birika, mikono imeanza kuzeeka? Ikitetemeka tena itabidi tumtafute mwenye nguvu." Siku zile alirudi nyumbani, akapiga magoti, akaomba msamaha kwa kuvunja kiapo. Na akalala fofofo.

Basi mwaka ule barua ilitoka juu. Ofisi ilikuwa imekusanya kidogo, wakubwa hawakufurahi. Mpole akaagiza mochari yote itolewe nje, ipanguswe vumbi. Mama Birika ndiye aliyeitwa aje na kitambaa. Alikuwa akifuta jalada moja baada ya jingine, kidole kikipita juu ya majina bila haraka, kidole kikasimama. Akarudia kulisoma. Lilikuwa jina la wifi yake, dada wa marehemu mume wake.

Jalada lilieleza kwamba wifi alikopa vyerehani kumi kwa idara ya serikali, afungue karakana ya kushona. Alilipa mwaka mmoja, karakana ikafa, akaacha kulipa. Ilikuwa imepita miaka sita na miezi minane. Mali yake ilitajwa mstari wa mwisho: nyumba ya vyumba vitano, bati jekundu, kisima uani.

Nyumba hiyo Mama Birika aliijua mpaka nyufa zake. Aliolewa ndani yake. Baba mkwe aliijenga na kuwaachia watoto wake wawili, mume wake na wifi yake. Mume alipofariki, siku arobaini hazijatimia, wifi alisimama mlangoni pa chumba chao, mikono kiunoni.

"Hukumzalia kaka yangu hata paka," alisema. "Sasa unangoja nini humu? Kulinda kuta?"

Ndugu wote walikuwepo, na wote waliangalia chini. Aliyefungua mdomo ni mama mkwe peke yake, ajuza ambaye macho yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu. "Mwacheni mwanangu," alisema, mara tatu, na mara zote tatu binti yake akamwambia, "Mama, nenda kapumzike." Mama Birika alitoka na sanduku moja. Mama mkwe akamfuata mpaka barabarani akipapasa ukuta, akamtia mkononi birika lake mwenyewe, la shaba, lenye kibonyeo ubavuni. "Angalau usikose chai," akasema. Kwa birika lile alianza kuuza chai nje ya geti la ofisi, na kwa birika lile mawakili wakamwita ndani.

Hayo yote yalimrudia akiwa amepiga magoti katikati ya vumbi la masjala.

"Vipi Mama," karani alimuuliza, "umeona mzimu?"

"Vumbi tu," akajibu, na akaliweka jalada pamoja na mengine.

Barua ya mwito ilitoka Jumatatu, na wifi aliandikiwa kufika Alhamisi ya wiki iliyofuata. Siku kumi. Nyumba ya bati jekundu ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mama Birika alijiambia ataenda Jumamosi. Jumamosi mvua ikanyesha. Akajiambia Jumapili baada ya ibada. Jumapili miguu ilimuuma, au aliisikiliza zaidi ya kawaida. Katika sala zake aliomba Mungu afanye apendavyo. Ombi hilo lilimfaa, kwa kuwa halikumtaka yeye afanye lolote.

Alhamisi saa nne asubuhi, sauti ya Mpole ikatoka mlango wa kulia. "Mama Birika! Chai ya maziwa, mama yetu. Kikombe cha ua."

Aliingia na sinia. Wifi alikuwa amekaa kwenye kiti alichovutiwa, mtandio mpya, mkoba mapajani ameukumbatia kama mtoto. Alikuwa amekonda. Akainua macho, akamtazama mbeba sinia kuanzia viatu kwenda juu.

"Haa! Kumbe huku ndiko ulikotua?" akasema. "Nikajua umerudi kwenu kulima."

"Mnajuana?" Mpole akauliza, uso umechangamka.

"Aliwahi kuwa mke wa marehemu kaka yangu."

"Ah, basi uko nyumbani kabisa! Mama yetu huyu ndiye roho ya ofisi. Mwekee wifi yako sukari ya kutosha."

Aliwahi kuwa. Mama Birika alikiweka kikombe mezani bila kutoa sauti. Fomu ilikuwa palepale, karibu na kisahani, imeshajazwa, imebaki nafasi ya kiasi na nafasi ya sahihi. Kutoka kwenye ncha ya birika mpaka kwenye ile karatasi haikufika shubiri.

"Hujambo, wifi," alisema.

"Sijambo. Hata salamu huleti, miaka yote hii. Mama anakuulizia kila siku, mpaka ananichosha. Sasa haoni kabisa, unajua?"

"Sikujua."

"Ungejuaje, na wewe umetususa."

Mpole akakohoa kwa adabu. "Tulikuwa tunasema, dada yangu. Serikali haina ugomvi nawe. Hakuna anayekufukuza. Mimi hapa nilipo naumia kukuona unapata shida. Ninachohitaji ni kitu kidogo tu, niwaonyeshe wakubwa kwamba huyu mama si mkaidi, ana nia njema. Chochote ulicho nacho."

"Chochote?"

"Hata hicho cha nauli. Nikishakuwa na stakabadhi, jalada lako nalifunga kwenye droo yangu, nakulinda mwenyewe."

Wifi akafungua mkoba. Akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akalifungua fundo kwa meno. Zilikuwa noti nne zilizokunjwa kunjwa. "Hizi za matone ya macho ya Mama," akasema. "Ingawa daktari anasema matone yenyewe sasa ni ya kutuliza maumivu tu." Akazihesabu, akazirudia. Akatenga mbili. Halafu mkono ukasita.

Mama Birika alikuwa bado amesimama pale na birika. Angeweza kutoka. Hakutoka.

Wifi akageuka akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku zile za msiba hakukuwa na dharau machoni mwake. Palikuwa na woga tu, kama wa mtu anayetaka kuvuka mto asioujua.

"Wewe uko humu kila siku," akasema kwa sauti ya chini. "Unawaona watu wanavyoingia na kutoka. Niambie kweli, wifi yangu. Nitoe?"

Mpole alikuwa anatabasamu, kalamu mkononi, hana wasiwasi wowote, maana kwake Mama Birika alikuwa kama kabati la vikombe. Birika lilikuwa limejaa, la moto, zito. Mikono yake haikutetemeka hata chembe. Alikumbuka kiapo. Alikishika kwa nguvu, kama mtu anavyoshika nguzo, na huku akijua fika kwamba alishakiachia mara tatu kwa watu asiowajua hata kwa jina.

"Wakili ni mtu mpole sana, wifi," akasema. "Nikuongezee sukari?"

Wifi akashusha pumzi. Akaziweka noti mbili juu ya meza, akazinyoosha kwa kiganja, akatia sahihi kwa herufi kubwa zinazoegemeana. Alipomaliza akainywa chai yote na kukisifu kikombe kwa uzuri wake.

Mlango ulipofungwa, Mpole aliipuliza sahihi ikauke. "Kafumbua macho!" akamwambia karani aliyechungulia. Kisha akamgeukia Mama Birika. "Na leo hukumwaga hata tone. Nilikuwa nakusema bure."

Usiku huo alipiga magoti kama kawaida. Hakuwa amevunja kiapo, kwa hiyo alitafuta kitu cha kutubia asikione. Usingizi nao hakuuona.

Kesi yenyewe haikuchukua muda. Serikali ikitaka kuahirisha inajua, na ikitaka kukimbia inajua vilevile. Wifi alikwenda mahakamani peke yake, akamweleza hakimu kwamba ameshaanza kulipa, ana stakabadhi, na wakili ameahidi kumlinda. Akaitoa stakabadhi mwenyewe mkobani, akampa karani wa mahakama ampe hakimu, akidhani ndiyo ngao yake. Mpole akasimama, akainama kwa heshima, akasema upande wa serikali unaipokea karatasi hiyo kwa shukrani. Karani wa masjala alilihadithia jambo hilo ofisini akiwa ameshika mbavu. "Kamletea muuaji kisu, na akamshikia na mpini!"

Mama Birika alikuwa anasuuza vikombe. Hakugeuka.

Hukumu ikatoka, deni pamoja na riba ya miaka yote, na gharama za kesi. Kisha jalada likapanda ghorofani kwa wenye kukaza hukumu, wanaohakikisha inatekelezwa, likashuka, likapewa dalali wa mahakama. Mama Birika alilifuata kwa macho kila lilipohama meza. Alijiambia mengi. Kwamba wifi ana watu, hatakosa pa kwenda. Kwamba mama mkwe atachukuliwa na wajukuu wa upande mwingine. Hakumuuliza mtu kama wajukuu hao wapo.

Ripoti ya dalali ililetwa Ijumaa. Mpole alikuwa ametoka kula. Mama Birika aliikuta mezani alipokwenda kuchukua sinia, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaanza kusoma polepole, kama anavyosoma sala.

Meza moja. Viti vinne, kimoja kibovu. Vyerehani viwili, vyenye kutu. Sufuria tano. Kabati moja la nguo, bila kioo. Kitanda kimoja cha chuma. Juu yake palikuwa na bibi kizee asiyeona, aliyekataa kushuka. Akabebwa na vijana wawili, akawekwa barazani. Godoro moja.

Aliisoma mpaka hapo, kidole kikabaki juu ya neno godoro. Akasikia viatu vya Mpole ukumbini, akachukua sinia akatoka.

Jumapili mchana, akitoka ibadani, aliwakuta mlangoni kwake, wameelekezwa na watu wa ofisini. Wifi alikuwa amekalia furushi la nguo. Mama mkwe alikuwa amesimama, mkono umeshika fremu ya mlango, uso umeelekea barabarani kama anaitazama.

"Ni hatua zake hizo," mama mkwe alisema kabla Mama Birika hajafungua mdomo. "Bado anakanyaga kama anayeogopa kuiamsha ardhi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Wifi akalia palepale, bila haya, majirani wakiangalia. "Sina uso wa kukutazama," akasema. "Nilikutoa mle kwa mdomo wangu, na leo mimi ndiye nagonga kwako. Walinidanganya, wifi. Karani mmoja pale mahakamani alinionea huruma, akanieleza. Kama nisingetoa zile noti mbili, wasingenigusa hata ukucha. Noti mbili! Nyumba ya baba yangu!"

Mama Birika alifungua kufuli. Ilimchukua muda kuupata ufunguo.

"Wala sikulaumu," wifi akaendelea, akijifuta kwa mtandio. "Nilijiuliza njiani, mbona hakuniambia? Nikajijibu mwenyewe, ah, yule ni mtu wa chai tu, mambo ya sheria atayajulia wapi. Ungejua ungeniambia. Nakujua wewe, una hofu ya Mungu."

Kilikuwa chumba kimoja, kitanda kimoja, dirisha moja. Aliwakaribisha. Alimkalisha mama mkwe kitandani, akabandika maji. Yakaanza kuchemka, kifuniko kikaanza kugongagonga.

"Hilo ni birika langu," mama mkwe akasema.

"Ndilo, mama."

"Siku ile alipokwenda ofisini kwenu, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

"Mle chumbani?"

"Mle chumbani. Nilipeleka chai."

Bibi akaweka mikono juu ya magoti. "Nilikaa nawe miaka kumi na mitano kwenye nyumba moja," akasema. "Chumvi ikipungua mtungini ulijua. Kuku akikosekana ulijua amekosekana tangu saa ngapi. Sikuwahi kukuona unapitwa na jambo."

"Mama, naye," wifi akadakia, "kuku na mahakama wapi na wapi! Muache mwenzio apumzike."

Mama Birika alimimina vikombe vitatu. Wifi alikunywa cha kwanza, akaongezwa cha pili, akashukuru, akamwombea kwa Mungu amlipe kwa wema wake. Cha mama mkwe alikiweka mkononi mwa bibi mwenyewe, akamkunjia vidole juu yake ili asiungue.

Bibi alikishika. Alikinusa. Kisha akakisogeza taratibu mpaka ukingo wa kitanda, akakiachia hapo, kimejaa.

"Nipe maji," akasema. "Na usinishikishe. Yaweke hapo chini, nitayapapasa mwenyewe."